"N'shishiyelo": Sarufi ya Msimamo wa Mfungwa na Msomaji wa Bariadi

1.0 Utangulizi

Abdilatif Abdalla ni miongoni mwa washairi wa Kiswahili ambao maisha yao hutajwa darasani kabla ya mashairi yao. Mwanafunzi huambiwa kwanza kwamba mshairi huyu alifungwa nchini Kenya kwa sababu ya siasa. Kisha huambiwa kwamba diwani ya Sauti ya Dhiki ilitungwa gerezani. Na hatimaye huoneshwa orodha ya maneno "magumu" ya Kimvita pamoja na visawe vyake vya Kiswahili Sanifu. Baada ya hapo shairi huhesabiwa kuwa limekwisha kueleweka.

Makala haya yanakusudia kuupinga utaratibu huo. Tunadai mambo mawili. Kwanza, sehemu kubwa ya msimamo wa kisiasa wa mfungwa huyu imehifadhiwa katika sarufi ya lugha aliyoichagua, na mwalimu anayeibadili sarufi hiyo kwa visawe huiondoa sehemu hiyo bila ya kujua. Pili, msomaji ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya pili anaweza kuwa na ufunguo wa mashairi hayo ambao mwenziwe aliyelelewa katika Kiswahili Sanifu cha mjini hana. Msomaji huyo tutamtafuta katika mkoa wa Simiyu, na hasa Bariadi, ambako ndiko alikozaliwa mwandishi wa makala haya. Huko mtoto hujua Kisukuma kwanza, na Kiswahili hukifuata shuleni na sokoni.

2.0 Maisha na kesi

Abdilatif alizaliwa Mombasa mwaka 1946 katika ukoo uliokuwa na washairi na watu wa siasa. Ndugu yake mmoja ni Ahmad Nassir Juma Bhalo, mtunzi wa Malenga wa Mvita. Mwingine ni Sheikh Abdilahi Nassir, mwanazuoni aliyeshiriki katika siasa za Pwani wakati wa kuelekea uhuru. Kijana huyu hakupata elimu ya chuo kikuu. Alifanya kazi ya uhasibu katika Manispaa ya Mombasa, na ushairi aliurithi nyumbani.

Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijitenga na KANU na kuongoza chama cha Kenya People's Union. Abdilatif alikiunga mkono chama hicho. Ulipofika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 1968, wagombea wa KPU waliondolewa kwa hoja ya kwamba fomu zao zilikuwa na kasoro, na wagombea wa chama tawala wakapita. Katika hali hiyo Abdilatif, akiwa na umri wa miaka 22, aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Waraka huo uliieleza serikali ya Jomo Kenyatta kuwa inaelekea kwenye udikteta, na ulisambazwa kwa siri. Alikamatwa, akashitakiwa kwa uchochezi, na mwaka 1969 akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Serikali haikuridhika na adhabu hiyo. Ilikata rufani, na kifungo kikaongezwa hadi miaka mitatu. Mwaka huo huo wa 1969, mwezi wa Oktoba, KPU yenyewe ilipigwa marufuku.

Sehemu kubwa ya kifungo hicho aliipitisha katika upweke, akitengwa na wafungwa wengine. Hakuruhusiwa kuandika. Mashairi yake aliyaandika katika karatasi za chooni, na yakatolewa nje kwa siri. Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa ulichapishwa mwaka 1971 naye akiwa bado ndani. Sauti ya Dhiki ilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1973, baada ya kufunguliwa kwake mwaka 1972. Mwaka 1974 diwani hiyo ilipewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, yaani Rais yule yule ambaye serikali yake ilikuwa imemfunga mtunzi.

Wakati tuzo hiyo inatolewa Abdilatif hakuwa Kenya. Alikuwa amekwisha kuhamia Dar es Salaam, akifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili tangu mwaka 1972 hadi 1979. Baadaye alikwenda London, alikofanya kazi katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC na kuhariri jarida la Africa Events, kisha akafundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, kuanzia mwaka 1995 hadi alipostaafu mwaka 2011.

3.0 Wafungwa watatu na lugha tatu

Ili uchaguzi wa lugha wa Abdilatif uonekane kuwa ni uchaguzi, hapana budi kumlinganisha na wafungwa wengine wawili wa zama zake.

Abdulrahman Mohamed Babu wa Zanzibar aliwekwa kizuizini Tanzania Bara kuanzia mwaka 1972, baada ya kuuawa kwa Sheikh Abeid Amani Karume, hadi mwaka 1978. Huku Bara hakufikishwa mahakamani. Kesi ya uhaini iliendeshwa Zanzibar bila ya yeye kuwapo, na humo alihukumiwa kifo. Akiwa kizuizini aliandika kitabu chake juu ya ujamaa wa Afrika, kilichochapishwa London mwaka 1981. Alikiandika kwa Kiingereza, ingawa alikuwa mjuzi wa Kiswahili na alikuwa amefungwa katika nchi iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Hoja zake zilielekezwa kwa wananadharia wa dunia nzima, na lugha aliyoichagua iliwafikia hao.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka 1977 na kuachiwa Desemba 1978. Akiwa Kamiti aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharabainĩ kwa Kikuyu, naye pia katika karatasi za chooni. Kwa Ngũgĩ gereza lilikuwa ndipo mahali pa kuiacha lugha ya mkoloni katika utunzi wa riwaya.

Abdilatif aliwatangulia wote wawili, na uchaguzi wake ni wa namna ya tatu. Hakuhama kutoka lugha moja kwenda nyingine. Alibaki ndani ya Kiswahili, lakini ndani ya Kiswahili hicho alishika lahaja ya mji wake, yaani Kimvita, pamoja na bahari na vina vya washairi waliomtangulia. Mombasa ilikuwa na ushairi wa kisiasa tangu zama za Muyaka bin Haji, aliyetunga katika karne ya kumi na tisa wakati mji huo ukivutana na Seyyid Said wa Omani. Kwa hiyo kijana aliyetunga katika seli hakuwa anabuni desturi mpya. Alikuwa anaingia katika desturi iliyokwisha kuwa na miaka zaidi ya mia moja.

Hapa inafaa tujisemee ukweli sisi wa Tanzania. Mwaka 1972 nchi yetu ilimpokea mfungwa wa jirani na kumpa kazi ya heshima katika taasisi yake ya lugha. Mwaka huo huo ilimweka kizuizini msoshalisti wake yenyewe, chini ya sheria ya mwaka 1962 iliyoruhusu mtu kuwekwa ndani bila ya kushitakiwa. Ni rahisi zaidi kufundisha dhiki iliyotoka ng'ambo ya mpaka. Tunapomsoma Abdilatif kama ushahidi wa ubaya wa Kenya peke yake, tunamsoma kwa jicho moja.

4.0 Msimamo katika umbo la kitenzi

Tuchukue sasa anwani mbili za mashairi ya diwani hiyo, "Siwati" na "N'shishiyelo ni lilo". Mashairi yote mawili yanahusu jambo moja: mfungwa anakataa kuyaacha aliyokuwa akiyaamini kabla ya kufungwa.

"Siwati" haina matata makubwa. Kitenzi ni kuwata, ambacho katika Sanifu ni kuacha. Tofauti ya sauti inafuata kanuni inayojulikana: penye ch ya Kiunguja, Kimvita mara nyingi kina t, kama katika macho na mato, kucheka na kuteka, mchanga na mtanga. Mwalimu anaweza kusema "siwati ni siachi", na hasara itakuwa ndogo.

"N'shishiyelo" ni habari nyingine. Neno hili lina viungo vitatu. N' ni kifupisho cha ni-, kiambishi cha nafsi ya kwanza. Shishiye ni umbo timilifu la kitenzi kushika, linaloundwa kwa kiambishi tamati cha kale ambacho katika lahaja za kaskazini huonekana kama -iye au -ie, na ambacho humbadilisha konsonanti inayokitangulia. Ndiyo maana k ya shika imekuwa sh. Mwisho kuna -lo, kirejeshi kinachorejelea jambo au neno. Viungo hivyo vikikusanywa, maana yake ni kwamba jambo lilikwisha kushikwa, na hali ya kulishika ingalipo wakati wa kusema. Ni kama simeme katika ushairi wa kale, neno linalomaanisha kwamba mtu alisimama na mpaka sasa yu wima.

Jaribu kuliweka neno hilo katika Kiswahili Sanifu. Ukisema "nililolishika", umepata kirejeshi lakini umepoteza utimilifu: -li- inaeleza kwamba tendo lilipita, haielezi kwamba mkono bado umefumbata. Ukitaka kuurudisha utimilifu itakubidi utumie -me-, na katika Sanifu -me- haikubali kirejeshi ndani ya kitenzi; hatuna umbo kama nimelolishika. Itakulazimu uchukue amba- na kusema "ambalo nimelishika". Maana sasa inakaribia, lakini neno moja limekuwa mawili, na uzito wa sentensi umehamia kwenye amba-, neno lisilo na kitendo wala mtenda.

Kwa hiyo Sanifu inatupa uchaguzi kati ya tendo lililopita na maelezo marefu. Kimvita kilimpa mfungwa umbo moja linalosema nilishika na ningali nimeshika. Tukumbuke hali ya msemaji. Dola ilikuwa imemfunga ili iyafanye maneno yake kuwa ya wakati uliopita: aliandika, alikosea, aliadhibiwa, ataachiwa akiwa amejifunza. Mfungwa anajibu kwa njeo ambayo haikubali mgawanyo huo. Ndiyo sababu tunasema kwamba msimamo umo ndani ya sarufi. Mwanafunzi anayepewa "nililolishika" kama kisawe anapewa, bila ya kukusudiwa, maelezo yale ambayo dola ingeyapenda.

Hata anwani ya waraka uliomfungisha, ambao ni nathari iliyokusudiwa wasomaji wengi, ina alama ya Pwani. "Twendapi?" haina -na- ya "tunakwenda wapi", kitenzi na kiulizi vimeungana kuwa swali moja fupi linaloweza kusomwa ukutani na mtu anayepita. Mwandishi huyu hakuwa na Kiswahili kimoja cha siasa na kingine cha ushairi.

5.0 Msomaji wa Bariadi

Tuje sasa Simiyu. Mkoa huu uliundwa mwaka 2012 kutoka sehemu za Shinyanga na Mwanza, na una wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Wakazi wake wengi ni Wasukuma, na lahaja ya Bariadi ni Kinyantuzu. Walimu wa Kiswahili aghalabu humtazama mwanafunzi anayetoka huko kama mtu mwenye upungufu: r na l humchanganya, kwa sababu Kisukuma hakina r, matamshi yake ya Kiswahili hubeba toni za nyumbani. Mwalimu wa namna hiyo akiletewa diwani ya Kimvita, huona kuwa amemtwisha mwanafunzi mzigo juu ya mzigo.

Sisi tunaona kinyume chake. Kisukuma, kama lugha nyingi za Kibantu, kina kiambishi tamati -ile. Kutokana na -bona, yaani kuona, hupatikana -bonile. Kiambishi hicho na -iye ya Kimvita vina asili moja. Ni kweli kwamba matumizi ya -ile katika Kisukuma hayalingani moja kwa moja na ya Kimvita, na mwalimu hana budi kuzieleza tofauti hizo. Lakini wazo lenyewe, kwamba wakati na hali ya tendo vinaweza kuelezwa mwishoni mwa kitenzi badala ya mwanzoni, mtoto wa Bariadi analo tangu hajaanza shule. Mwenziwe wa Dar es Salaam ambaye hana lugha nyingine ila Sanifu hujua -li-, -na-, -ta- na -me- tu. Kwake "shishiye" ni neno geni la kukariri.

Katika kufundisha isimu linganishi tumeona mara nyingi kwamba wanafunzi wanaotoka Usukumani, Unyamwezini na kwingineko bara hukaa kimya shairi la Kimvita linaposomwa, mpaka pale wanapoulizwa namna ya kusema "nimeshika" nyumbani kwao. Swali hilo huwafungua midomo. Wanaacha kuwa wageni wa Kiswahili na kuwa mashahidi wa historia yake. Uchambuzi wa fonolojia na mofolojia ya Kisukuma alioutoa Batibo mwaka 1985 unatosha kumpa mwalimu yeyote mahali pa kuanzia.

Upo pia ufunguo wa pili, nao ni fumbo. Katika shairi la "Mnazi: Vuta n'kuvute", Alii na Badi wanabishana juu ya mti: nani mwenye haki nao, nani aliyeutaabikia, na nani anayekula matunda yake. Wasomaji wameuelewa mnazi huo kuwa ni nchi. Bariadi hakuna minazi ya kugombewa, kuna pamba. Lakini suala la nani analima na nani anafaidi halihitaji kuelezwa kwa mtoto wa mkulima wa pamba. Wala desturi ya kusema kwa mafumbo si ngeni kwake. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu mtunzi humshambulia mpinzani kwa maneno yaliyofunikwa, na watazamaji huhukumu ustadi wa kufunika huko. Historia nayo ipo: katika Jimbo la Ziwa, ambamo Usukuma ulikuwamo, serikali ya kikoloni iliipiga marufuku TANU kuanzia mwaka 1954 hadi 1958. Wazee wa huko waliishi katika nchi ambamo chama kilichokuwa halali Dar es Salaam kilikuwa haramu Maswa. Msomaji wa namna hii akiambiwa kwamba mtu alifungwa kwa sababu ya waraka, hahitaji maelezo marefu.

6.0 Pingamizi

Tunatazamia pingamizi tatu.

La kwanza ni la wapenzi wa Sanifu. Watasema kwamba lugha moja iliyosanifishwa ndiyo iliyomwezesha Msukuma wa Bariadi kumsoma Mswahili wa Mombasa, na kwamba kuzikumbatia lahaja ni kurudi nyuma. Nusu ya kwanza ya hoja hii tunaikubali. Bila ya uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, uliokichagua Kiunguja badala ya Kimvita, na bila ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, pengine tusingekuwa na shule za Kiswahili Bariadi. Lakini Sanifu ni njia ya kumfikia Abdilatif. Haipasi kuwa ukuta wa kumzuilia nje. Yeye mwenyewe alifanya kazi kwa miaka saba katika taasisi iliyokuwa ikitayarisha Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mwaka 1981, na hakuwahi kuona haja ya kuyaandika upya mashairi yake.

La pili ni la wahakiki wa mrengo wa kushoto. Wanaweza kuuliza inakuwaje mtu mwenye siasa kali atunge kwa vina na mizani vya kale, wakati vijana wa Dar es Salaam wa miaka ya 1970 walikuwa wakivivunja. Jibu letu ni kwamba ukali wa siasa haupimwi kwa upya wa umbo. Mtu aliyetengwa asiruhusiwe kalamu anahitaji umbo linaloshikika kichwani, na vina na mizani ni chombo cha kumbukumbu. Tena, anayedai kwamba watawala wameyasaliti makubaliano ya uhuru ana sababu ya kusema kwa lugha inayotunza makubaliano ya zamani zaidi.

La tatu ndilo zito zaidi. Wapo watakaosema kwamba tunatia siasa ndani ya viambishi; kwamba Abdilatif alisema "n'shishiyelo" kwa sababu ndivyo wasemavyo washairi wa Mombasa, si kwa sababu ya dola. Ni kweli kwamba hakulibuni umbo hilo. Lakini alikuwa na maumbo mengine. Sanifu aliijua na aliweza kuitumia. Msemaji mwenye njia mbili anapochagua moja, na kuiweka katika anwani, mwanaisimu ana haki ya kuuliza uchaguzi huo unafanya kazi gani. Hatudai kusoma nia yake. Tunadai kusoma umbo aliloliacha.

7.0 Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu kwa idara zetu. Mosi, maandishi ya Sauti ya Dhiki yasomwe kama yalivyochapwa, na maelezo ya mwalimu yaeleze muundo wa neno kabla ya kutaja kisawe. Pili, maswali ya mtihani yamtake mwanafunzi alinganishe umbo la Kimvita na la lugha yake ya kwanza, iwe Kisukuma, Kihaya au Kimakonde, na apewe alama kwa ulinganishi huo. Tatu, habari za kifungo zifundishwe pamoja na za kizuizini cha kwetu, ili mwanafunzi ajue kwamba suala la "twendapi" halikuulizwa Kenya peke yake.

Abdilatif hakuwa mfungwa wa kwanza wa siasa katika Afrika ya Mashariki, wala hakuwa wa mwisho. Kinachomtofautisha kwetu sisi wanaisimu ni kwamba alituachia neno ambalo lugha yetu rasmi haiwezi kulisema kwa mkato. Inatupasa tulifundishe kama alivyolisema. Na yule mwanafunzi wa Bariadi tuliyezoea kumsahihisha r na l, tumpe nafasi ya kutueleza kwa nini analielewa.